Daftari la Dukani

Maandiko ya kusoma: Luka 19:1-10, Warumi 13:8

Somo la wiki hii lilinifundisha mimi kwanza.

Mwaka jana nilikuwa na deni kwa duka moja karibu na nyumbani hapa Isiolo. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, vyote viliandikwa kwa daftari. Deni likafika shilingi 2,340, nami nikaanza kupita njia ya nyuma ili mwenye duka asinione. Yeye ni Mwislamu. Wakati huohuo nilikuwa naongoza maombi ya kesha kila Ijumaa, na spika zetu zilisikika mpaka kwake.

Siku moja tukakutana uso kwa uso. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, maombi yenu nayasikia usiku. Na mimi bado nangoja." Wapendwa, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mji wetu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Adhana na nyimbo zetu zinasikika mtaa mmoja. Majirani wengi hawatafungua Biblia wala kuingia ibadani. Wanamjua Yesu kwa vile tunavyopima maharagwe sokoni, vile tunavyomlipa msichana wa kazi, na vile tunavyojibu tukikanyagwa kwa matatu.

Mtazame Zakayo. Alipompokea Yesu, alianza kutaja mali: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuwa ananunua wokovu. Neema ilikuwa imeingia kwake, na mkono uliokuwa umefunga ukafunguka.

Wazee wa uamsho walilijua jambo hili. Uamsho ule ulitoka Gahini nchini Rwanda, na Uganda, ukafika Kenya miaka ya 1930. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba na kuungama kwa aliyemkosea. Hata wasioamini waliona kuna kitu kimebadilika.

Basi nami nilirudi dukani. Sikuwa na pesa zote, kwa hivyo nililipa kwa awamu tatu. Kulipa hakukuwa kugumu kama kumwomba msamaha kwa kujificha. Mzee yule hajaja kanisani. Lakini siku hizi napita mbele ya duka lake, tunasalimiana, na nikiongea habari za Yesu ananisikiza.

Wiki hii fanya hivi:
1. Andika majina ya watu wote wanaokudai.
2. Lipa unachoweza. Kama huna, nenda mwenyewe umwambie ukweli na mpange siku. Usizime simu.
3. Kama ni wewe unayemcheleweshea mtu mshahara, anza na huyo.

Swali la kikundi cha nyumbani: je, kuna njia unayoikwepa kwa sababu ya mtu fulani?

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kupita njia hiyo wiki hii. Amina.