Kahama na Buzwagi: Mji Usio na Mto

Ukitoka Tinde kuelekea Kahama utapita mbuga za udongo mweusi, migunga, majaruba ya mpunga na ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, lakini hutavuka mto wa kukufanya ugeuze shingo. Kahama haina mto wa kuulea. Kilichoulea mji huu ni barabara, hii hii inayotoka Dar es Salaam ikapita Dodoma, Singida na Nzega, kisha ikaendelea hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Malori ya Kigali na Bujumbura hulala hapa, na panapolala malori hapakosi mama lishe, fundi matairi na gesti. Ndiyo maana sensa ya 2022 iliikuta Manispaa ya Kahama ina watu zaidi ya 400,000, wengi kuliko Shinyanga mjini, makao makuu ya mkoa.

Ukija kwa basi, usisinzie ukifika Isaka. Hapo ndipo reli ya Tabora–Mwanza inapokutana na barabara kuu, na ndipo ilipo bandari kavu ambako mizigo ya Rwanda na Burundi huhamishwa kutoka kwenye mabehewa kwenda kwenye malori. Kama una muda, shuka Kagongwa, mbele kidogo. Mashine za kukoboa mpunga huunguruma pale tangu asubuhi. Mpunga unamiminwa juu, mchele unatoka chini ungali na joto, na pumba zinarundikwa nyuma kama kichuguu. Mtazame mnunuzi: anachota kiganjani, anapuliza vumbi, anatafuna punje moja kabla hajauliza bei. Iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea. Nawe tafuna, hakuna atakayekuona wa ajabu. Mchele wa Kahama unasifiwa mbali, lakini hapa utauonja siku ileile ulipokobolewa.

Kilomita chache kabla ya mjini, katika kata ya Mwendakulima, utaona vilima vya kijivu visivyofanana na vilima vingine. Hicho ni kifusi cha mgodi wa Buzwagi. Wengi wetu jina hilo tulilisikia kutoka bungeni kabla hatujajua liko wapi kwenye ramani. Mkataba wa mgodi ulisainiwa London mwezi Februari 2007, na Agosti mwaka huo mbunge Zitto Kabwe akataka iundwe kamati teule ya kuuchunguza. Yeye alisimamishwa ubunge kwa muda, lakini hoja haikusimama. Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na sheria mpya ya madini ikapitishwa 2010. Mgodi wenyewe ulianza uzalishaji 2009, ukafunga kazi 2021. Sasa eneo lake limetengwa kwa ajili ya viwanda. Usijaribu kuingia au kupiga picha bila kibali. Shimo ni refu na walinzi wana haki ya kukuzuia. Kaa badala yake kwenye benchi la wauza kahawa, umuulize mzee wa Mwendakulima mashamba yalikuwa wapi kabla ya uzio. Atakuonyesha kwa kidole, shamba moja moja, na jina la mwenye shamba.

Mwaka uleule wa 2009 lilizinduliwa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko dhahabu: maji ya Ziwa Victoria yaliyovutwa kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka maji ya ziwa hilo, yanayolisha Nile, yasipunguzwe bila ridhaa ya Cairo. Nyerere alikataa baada ya uhuru kwamba Tanganyika ifungwe na mkataba uliowekwa na mkoloni, na Tanzania ikachimba mtaro na kulaza mabomba. Kina mama waliokuwa wakiamka usiku kwenda kugombea maji ya lambo pamoja na ng'ombe wangali hai. Ukinawishwa kwa mwenyeji wako, usiache maji yamwagike ovyo.

Salimia kwanza, kisha ndiyo uulize njia. Kwa Kisukuma, asubuhi sema "mwangaluka", mchana "mwadila", na ukipewa kitu, "wabeja". Kisukuma chako kikivunjika wataking'ang'ania wenyewe mpaka kisimame. Mkubwa husalimiwa kwa kuinama kidogo, na wasichana wengi hupiga goti. Pokea salamu hiyo kwa utulivu, usiwanyanyue kwa pupa.

Dhahabu usinunue mtaani, hata kama kijana aliyekunong'oneza ana uso wa unyofu. Biashara halali iko kwenye soko la madini, kwa wenye leseni. Ukipelekwa na mwenyeji kuwaona wachimbaji wadogo, simama mbali na mdomo wa duara (shimo la uchimbaji), ziba pua karibu na karasha (mashine ya kusaga mawe), na usitie mkono kwenye maji ya mwalo (mahali pa kuchenjulia dhahabu). Zebaki wanayochenjulia haina harufu ya kukuonya, kwa hiyo watoto waache mjini.

Kuanzia Novemba hadi Aprili njia za vijijini ni tope linaloshika gurudumu. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Mimi ningekuja Juni, mavuno yakiwa ndani. Siku ya kuondoka, tafuta stendi kina mama wanaouza viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa ikiwa mibichi ikaanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Kwa safari chukua matobolwa, na karanga za kukaanga pembeni, kwani basi likishavuka Nzega njaa huanza kuuma.