Wavu wa Atomi: Kuiga kwa Kompyuta Joto na Uimara wa Grafini

Maji yanapokupwa ufukweni Paje, huonekana safu za kamba za mwani zilizofungwa kwenye vigingi. Mkulima akitikisa ncha moja ya kamba, mtikisiko husafiri hadi ncha ya pili. Mfano huo watosha kufungulia somo letu la grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu.

Grafini ni tabaka moja la grafiti, madini yapatikanayo Mahenge, mkoani Morogoro. Kila atomi hushikana na jirani zake watatu kwa umbali wa nanomita 0.142, na zote pamoja hufanya wavu wa pembesita. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga mwaka 2004 huko Manchester, wakatunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2010.

Watafiti wa tiba huichunguza kwa ajili ya vihisio vya kubandikwa kwenye ngozi. Kihisio cha namna hiyo huvutwa, hukunjwa na kupata joto. Hivyo ni lazima ustahimilivu wake ujulikane mapema.

Katika uigaji, kompyuta hupewa mahali pa kila atomi pamoja na kanuni ya kani baina ya majirani. Kwa sheria za mwendo za Newton, hukokotoa kila atomi itakuwa wapi baada ya femtosekunde 1. Utando wa nanomita 10 kwa 10 una atomi 3,800 hivi, na kuufuatilia kwa nanosekunde 1 tu huhitaji hatua 1,000,000.

Ili kupima uimara, kingo huvutwa polepole hadi utando upasuke. Ili kupima joto, upande mmoja hupashwa na wa pili hupozwa. Joto hupita kama mtikisiko wa kamba. Aidha, utando ukipashwa hupata mawimbi, na eneo lake hupungua mfano wa mkeka uliokunjamana.

Hata hivyo, kamba fupi haibebi wimbi refu. Utando mdogo wa kompyuta huyakosa mawimbi marefu, na upitishaji joto huonekana pungufu kuliko ulivyo. Kanuni ya kani isiyofaa nayo hupotosha uimara.

Zaidi ya hayo, uigaji huu hausemi lolote kuhusu athari za grafini kwa chembe hai. Hutuonesha vipimo vya kuanzia. Usalama wa mgonjwa huthibitishwa maabara na katika majaribio ya kitabibu.