Kutengwa au Kulazwa: Lugha ya Matangazo ya Chuo Kikuu Wakati wa Mlipuko wa Virusi

Ikisiri

Chuo kikuu kinapokabiliwa na mlipuko wa virusi hutazamiwa kuwapatia wanafunzi wake maji, sabuni, barakoa na tiba. Makala haya yanadai kwamba lugha ya matangazo nayo ni sehemu ya kinga hiyo. Kwa kuchunguza istilahi, maumbo ya vitenzi na masharti yanayotolewa kwa wanafunzi, makala yanaonyesha jinsi tangazo linavyoweza kumfanya mgonjwa ajitokeze mapema au ajifiche. Mwishoni yanapendekeza misingi mitatu ya kuandika matangazo ya aina hiyo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Siku mbili baadaye vyuo vikuu viliamriwa kufungwa, na havikufunguliwa tena hadi tarehe 1 Juni 2020. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na vyuo vikuu vikatakiwa viwe vimefungwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi huohuo.

Kufunga chuo hakuhitaji maelezo mengi, kwa kuwa lango lililofungwa linaeleweka na kila mtu. Kazi ngumu huanza lango linapofunguliwa, wanafunzi wakarudi kulala chumba kimoja, kula katika bwalo moja na kusikiliza mhadhara katika ukumbi mmoja. Hapo usalama wa wengi hutegemea uamuzi wa mtu mmoja: mwanafunzi aliyeamka na homa siku ya mtihani. Je, atasema au atanyamaza? Hapana shaka uamuzi huo huathiriwa na mambo mengi, lakini mojawapo ni maneno aliyoyasoma kwenye ubao wa matangazo.

2.0 Majina ya Watu na ya Hatua

Neno la kwanza linalostahili kuangaliwa ni mshukiwa. Katika taarifa nyingi za milipuko, mtu mwenye dalili ambaye hajapimwa huitwa mshukiwa. Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, neno hili huandamana na wizi, mauaji na polisi. Anayeshukiwa ni anayedhaniwa kutenda uovu. Mwanafunzi anayeitwa hivyo huanza safari yake ya zahanati akiwa amekwisha kuvishwa kosa. Maelezo marefu kidogo, kama vile mwenye dalili au anayesubiri majibu ya kipimo, hayapotezi maana ya kitabibu, na hayamtuhumu mtu.

Neno la pili ni kutengwa. Kabla ya kuingia katika lugha ya afya, kitenzi tenga kilikuwa na historia yake katika jamii. Mwanakijiji aliyevunja miiko hutengwa: hasalimiwi, wala hasaidiwi akifiwa. Muumini aliyekiuka taratibu hutengwa na kanisa. Hivyo basi, kutengwa si kuwekwa mahali pengine tu. Ni kunyimwa watu. Umbo rejeshi kujitenga halitoi nafuu kubwa, kwa sababu ajitengaye husemwa kuwa ana majivuno au hapendi wenzake.

Neno la tatu ni karantini. Asili yake ni hesabu ya siku 40 ambazo abiria wa vyombo vya baharini walizuiliwa katika bandari za Italia zama za tauni. Kitaalamu, karantini humhusu mtu mzima wa afya aliyekutana na mgonjwa, ilhali mgonjwa mwenyewe huhudumiwa mahali pa peke yake. Matangazo mengi huyachanganya makundi haya mawili, na matokeo yake ni kwamba mwenye afya huogopa kulazwa pamoja na wagonjwa. Isitoshe, nchini Kenya mwaka 2020 baadhi ya watu waliokamatwa kwa kuvunja amri ya kutotoka nje usiku walipelekwa karantini. Kwa njia hiyo neno la kitabibu likavaa sura ya adhabu.

Ulinganisho na neno barakoa ni wa manufaa. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa likitaja kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa tabaka la juu katika upwa wa Afrika Mashariki na Omani. Lilipopanuliwa maana ili litaje kifaa cha kuzuia virusi, lilikuja na kumbukumbu ya sitara na heshima, si ya aibu. Neno la zamani, kwa hiyo, si baya kwa sababu ya uzamani wake. Lililo muhimu ni kuuliza limebeba nini kabla ya kulitwika mzigo mpya.

Kwa msingi huo, yafaa mgonjwa asemwe kuwa analazwa peke yake. Kulazwa ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulihusisha na matibabu na kutazamiwa na wauguzi. Aliyekutana na mgonjwa aweza kusemwa kuwa yuko chini ya uangalizi, na idadi ya siku itajwe waziwazi.

3.0 Sarufi ya Tangazo

Tazama mifano miwili ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu:

(1) Wanafunzi watakaobainika kuwa na dalili watatengwa mara moja.

(2) Mwanafunzi mwenye homa au kikohozi abaki chumbani, avae barakoa na ampigie simu mlezi wa bweni. Atafuatwa na muuguzi. Ataletewa chakula. Atapangiwa tarehe nyingine ya mtihani.

Katika mfano (1), kitenzi watakaobainika kinadokeza kwamba dalili zilikuwa zimefichwa, na kwamba yuko mtu anayezitafuta. Kitenzi watatengwa kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Msomaji hajui ni nani atakayemtenga, wapi, wala kwa siku ngapi. Mahali pa mtendaji aliyekosekana, hofu hujiwekea mtendaji wake.

Mfano (2) nao unatumia kauli ya kutendwa, lakini tofauti ni kubwa. Katika ataletewa, mzizi -let- unafuatwa na kiambishi cha kauli ya kutendea -e-, kisha cha kutendwa -w-. Muundo huo humfanya mwanafunzi kuwa kiima cha sentensi kwa sababu yeye ndiye anayefaidika na tendo. Ndivyo ilivyo pia katika atapangiwa. Atengwaye huondolewa kitu, aletewaye hupewa. Mofolojia ya Kiswahili, kwa hiyo, inampa mwandishi wa tangazo njia fupi ya kuahidi huduma, ilimradi ahadi yenyewe iwe ya kweli. Chuo kinachoandika ataletewa chakula na kisha kisimletee, kimeharibu tangazo hilo na yote yatakayolifuata.

Aidha, vitenzi abaki, avae na ampigie vimepangwa kwa mfuatano wa utekelezaji. Mtu mwenye homa hana nguvu ya kupanga upya maagizo yaliyoandikwa shaghalabaghala.

4.0 Masharti Yanayotekelezeka

Mwaka 2020 tafsiri umbali wa kijamii ilienea kwa kasi. Tafsiri hiyo ilifuata maneno ya Kiingereza bila kuuliza kilichokusudiwa. Mnamo Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilianza kupendelea kutaja umbali wa kimwili, likieleza kwamba watu wanapaswa kuachana kwa miili bila kukata mawasiliano. Kwa Kiswahili ni wazi zaidi kusema: acha nafasi ya mita moja au zaidi kati yako na mwenzako.

Hata sharti lililo wazi laweza kushindikana. Mwanafunzi anayelala katika chumba chenye vitanda vingi akiambiwa aepuke msongamano, ameambiwa jambo lisilo katika uwezo wake. Afadhali tangazo lisema: madirisha yaachwe wazi, na wenye vitanda vinavyokaribiana walale mzungu wa nne. Usemi huo wa zamani, wa kulala mmoja kichwa upande wa miguu ya mwingine, unaeleza kwa maneno matatu kile ambacho lugha ya kiofisi ingekieleza kwa sentensi nzima.

Masharti hayana budi pia kulingana na virusi vinavyohusika. UVIKO-19 huenea hasa kwa hewa na matone yatokayo mdomoni na puani. Ndiyo maana madirisha na barakoa vina maana. Virusi vya Marburg, vilivyothibitishwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na dalili zaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Mwanafunzi aliyetoka msibani katika eneo la mlipuko hasaidiwi na bango la zamani lenye picha ya barakoa. Anahitaji kuambiwa asiguse maiti, na kwamba akipata homa ndani ya siku hizo 21, atoe taarifa kabla ya kupanda gari lolote.

Kwa kuwa maarifa hubadilika, kila tangazo liwe na tarehe na cheo cha aliyelitoa. Shirika la Afya Duniani lilipanua ushauri wake kuhusu uvaaji wa barakoa kwa umma tarehe 5 Juni 2020. Bango la Aprili lililobaki ukutani hadi Julai lilikuwa likipingana na bango jirani yake.

Mwisho, tangazo liwafikie wote wanaomzunguka mwanafunzi. Katika vyuo vikuu vya Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na matangazo mengi hufuata lugha hiyo. Lakini mpishi, mlinzi, dereva na mfagizi wa bweni hutenda kazi zao kwa Kiswahili. Mwanafunzi hawezi kuwa salama katika bwalo ambalo mpakuaji chakula hakuelewa agizo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha misingi mitatu. Kwanza, jina la mgonjwa na la hatua anayochukuliwa lisiwe na tuhuma wala aibu. Pili, sentensi imtaje mtendaji, mahali na muda, na pale inapoahidi huduma, huduma hiyo iwepo. Tatu, sharti liwezekane katika mazingira halisi ya msomaji na lilingane na ugonjwa uliopo.

Idara za Kiswahili zina wajibu katika jambo hili. Zahanati ya chuo haina mtaalamu wa lugha, na idara haina daktari. Lakini viko katika eneo moja. Rasimu ya matangazo yaweza kuandaliwa kwa pamoja wakati wa salama, ikasomwa mbele ya wanafunzi na wafanyakazi wachache, na kila mmoja akaulizwa jambo moja: ukisoma haya nawe una homa, utafanya nini? Yeyote akijibu kwamba atanyamaza, rasimu hiyo irudishwe mezani kabla virusi havijafika.