Lango Hufunguka kwa Siku Moja, Akili Huchukua Muda

Afya ya akili ni hali inayomwezesha mtu kufikiri, kuhisi, kuamua na kuishi na wenzake kiasi cha kuyamudu mambo ya kila siku. Kwa hiyo anayesumbuka akili si lazima awe mwendawazimu. Huenda anafanya kazi na kusalimia vizuri, ila usiku halali.

Ili kuelewa kinachomsumbua mwanamume aliyetoka gerezani, tuanze na mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi hizo zitoe homoni, yaani kemikali zinazosafiri ndani ya damu zikipeleka ujumbe. Adrenalini hutangulia: moyo hudunda, misuli hukaza. Kotisoli hufuata na kuuweka mwili macho kwa muda mrefu zaidi. Hatari ikipita, homoni hushuka na mtu hupumzika. Isipopita, mwili hubaki tayari siku zote, na mara nyingi usingizi ndio huharibika mapema.

Gerezani watu hulala wamebanana, na ugomvi hauna saa, hivyo hatari haipiti. Lakini lipo jambo la pili, linalosahaulika zaidi: uamuzi. Mfungwa haamui saa ya kuamka, kula wala kulala. Huchuchumaa kwenye mstari ahesabiwe, na mlango hufunguliwa na mtu mwingine. Ubongo hujifunza kwa kurudia. Kinachorudiwa kwa miaka huwa mazoea, na mazoea hayasubiri kufikiriwa. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kufika kwake anaweza kusimama mbele ya mlango usio na kufuli akingoja afunguliwe, au kushindwa kuchagua shati mnadani. Ndugu hudhani ni kiburi.

Kutoka kwenyewe huweza kuja ghafla. Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Ni heri kubwa, ila msamaha haufuti mazoea. Huko Marekani, watafiti wakiongozwa na Ingrid Binswanger waliwafuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa ilikaribia mara 13 ya ile ya wakazi wengine. Sababu kuu ilikuwa dawa za kulevya. Mwili uliokaa muda bila kilevi hupoteza ustahimilivu, na kiasi cha zamani humzidi mtu. Pombe nayo hufuata kanuni hiyo, jambo la kukumbukwa na wanaomkaribisha ndugu yao kwa chupa.

Baada ya kutoka huja suala la kazi. Buseresere, mji wa Wilaya ya Chato uliopakana na Katoro, una kazi isiyouliza cheti: machimbo ya dhahabu. Mwanamume mwenye aibu ya kurudi mikono mitupu huikimbilia. Lakini duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ni jembamba, lenye giza na hewa finyu. Kwa mtu ambaye mwili wake bado uko macho kwa hatari, hapo si mahali pa kuanzia. Shamba au duka la ndugu, hata kwa malipo madogo, humpa mwanga wa mchana na saa za kulala zinazoeleweka.

Nyumbani, uamuzi urudishwe kidogo kidogo. Mke amuulize, "Baba Fulani, tule saa ngapi?" kisha asubiri jibu, hata likichelewa. Mume akiwa amelala, aitwe jina kutoka mlangoni, asitikiswe. Habari za gerezani azitoe mwenyewe akitaka.

Huzuni, hofu au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, aende kituo cha afya. Wataalamu wanaweza kumpa rufaa hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili. Akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo. Wengine hunyamaza kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, huhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na aliyetoka jela haogopi kitu kama kurudi. Aelezwe waziwazi kwamba kifungu hicho kinataja kujaribu. Kumwambia daktari anachowaza si kosa.