Kazi, Nishati na Kofia Ngumu: Kukokotoa Kani Inayokipata Kichwa cha Abiria wa Bodaboda

Katika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, na katika Barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta, bodaboda hubeba abiria tangu alfajiri hadi usiku. Si ajabu kumwona dereva amevaa kofia ngumu ilhali abiria wake yu kichwa wazi, au ameivaa bila kufunga mkanda. Somo hili linatumia kanuni ya kazi na nishati kueleza kwa nini sentimita chache za povu gumu lililo ndani ya kofia hiyo ni jambo la uhai na mauti.

Kanuni

Kila kitu kilicho katika mwendo kina nishati. Ili kisimame, nishati hiyo sharti iondolewe na kazi ya kani pinzani. Kazi ni zao la kani na umbali. Kwa hiyo:

Kani ya wastani = nishati ya mwendo ÷ umbali wa kusimama

Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji kujua muda wa mgongano, ambao ni vigumu kuupima.

Mfano wa kwanza: kuanguka

Kichwa cha mtu mzima kina tungamo la takribani kilo 5. Chukulia kuwa abiria ameanguka na kichwa chake kimeshuka mita 1.5 hadi kwenye lami. Mvutano wa dunia ukikadiriwa kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo, nishati ni 5 × 10 × 1.5 = jouli 75.

Bila kofia, kichwa husimama ndani ya umbali mdogo mno, tuseme milimita 5, yaani mita 0.005. Kani ya wastani ni 75 ÷ 0.005 = nyutoni 15,000.

Akiwa na kofia iliyofungwa, povu husagika na umbali huongezeka, tuseme hadi milimita 30. Kani ni 75 ÷ 0.03 = nyutoni 2,500.

Nishati haikubadilika, umbali uliongezeka mara sita na kani ikapungua mara sita. Ikumbukwe kuwa huu ni wastani: kilele cha kani huwa juu zaidi.

Mfano wa pili: mwendo

Kichwa hichohicho kikigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, nishati ni ½ × 5 × 10 × 10 = jouli 250. Hata kwa kofia, kani ni takribani nyutoni 8,300. Dereva akipunguza mwendo kwa nusu, nishati hubaki jouli 62.5, yaani robo, na kani hushuka hadi takribani nyutoni 2,100. Kofia, basi, haimpi dereva ruhusa ya kukimbia.

Hesabu hizi zinaungwa mkono na tiba. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69 miongoni mwa waendesha pikipiki wanaopata ajali.

Kwa mhudumu wa afya

Majeruhi anapopokelewa, aulizwe yeye au aliyemleta: mwendo ulikuwa kiasi gani, alianguka kutoka wapi, juu ya lami au mchanga, na je, kofia ilibaki kichwani? Majibu hayo hukadiria nishati na umbali. Aliyepigwa kwa kani kubwa anaweza kuzungumza vizuri mwanzoni, kisha akazorota kadiri damu inavyojikusanya ndani ya fuvu. Asiruhusiwe kuondoka kwa sababu tu anajibu maswali.

Kwa mgonjwa na familia

Rudini hospitali mara moja mkiona maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika kwa kurudiarudia, usingizi usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au majimaji yanayotoka puani au masikioni. Kofia iliyokwisha kugonga ibadilishwe, kwani povu lililosagika halirudi katika unene wake. Anayechelea kofia inayovaliwa na wengi atandaze kitambaa chepesi kichwani, kisha afunge mkanda barabara.

Zoezi

Mama aliyefunga mkanda ndani ya gari amempakata mtoto wa kilo 10. Gari linalokwenda mita 10 kwa sekunde linagonga na kusimama ndani ya mita 0.5. Je, mikono ya mama inahitaji kani gani kumzuia mtoto?

Jibu: nishati ni jouli 500, kani ya wastani ni 500 ÷ 0.5 = nyutoni 1,000. Huo ni uzito wa mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, inayomjia ghafla. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kuhimili. Mtoto anahitaji kiti chake chenye mkanda.