Somo juu ya Amri ya Saba: Kununua Nyumba kwa Haki

Mungu alimwumba mtu akae katika jamaa, na jamaa yahitaji nyumba. Kwa hiyo baba na mama wanaotafuta nyumba ya kukaa na watoto wao wafanya neno jema. Lakini nyumba yaweza kupatikana kwa haki, na yaweza kupatikana kwa wizi uliofichwa. Amri ya saba yakataza kuiba. Amri ya kumi yakataza kutamani mali ya mwingine. Mkatekumeni yampasa kuzishika amri hizo hata siku anapohesabu fedha zake na kutafuta nyumba.

MFANO WA ABRAHAMU

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chasimulia ya kwamba Sara alifariki huko Hebroni. Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi ile, hana mahali pa kumzika mkewe. Hakunyang'anya ardhi, wala hakuinunua kwa siri. Alisimama mbele ya Wahiti, wenyeji wa nchi, akawaomba wamsemee kwa Efroni, mwenye pango la Makpela. Efroni alisema atampa bure shamba pamoja na pango. Abrahamu hakukubali, alitaka kulipa bei yote. Akampimia shekeli 400 za fedha, watu wakisikia. Hivyo shamba, pango na miti iliyokuwa ndani ya mipaka vikawa mali yake mbele ya wote waliofika langoni mwa mji.

Abrahamu alimtafuta mwenyewe wa kweli, alijua mipaka, alilipa bei kamili, akafanya yote hadharani. Ndiyo njia ya mnunuzi mwenye haki hata leo.

MATAYARISHO

1. Ahesabu kwanza. Bwana Yesu alisema habari ya mtu atakaye kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kushindwa kumaliza (Luka 14). Bei ya nyumba siyo gharama yote. Kuna malipo ya hati, kuna bati la kutengeneza, kuna safari. Chakula cha watoto na malipo ya shule visiguswe.

2. Mume na mke wafanye shauri moja. Sheria ya Jamaa ya Kongo, iliyotolewa mwaka 1987, ilirekebishwa mwaka 2016 ili mke asiwe tena mtu wa kuomba ruhusa ya mume katika mambo ya sheria. Mume anayenunua kwa siri aanza nyumba yake kwa uongo.

3. Atazame kwa macho yake. Aende mchana, arudi tena baada ya mvua kubwa. Katika mji wa vilima kama Bukavu, mvua huchimba makorongo na kuangusha nyumba zilizojengwa kwenye mteremko. Aulize maji yachotwa wapi, na majirani waonyeshe mipaka.

4. Atake hati. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuutumia. Mahali palipopimwa na kuandikishwa, kama mjini, hati inayothibitisha haki hiyo ni cheti cha uandikishaji. Karatasi waliyoandikiana muuzaji na mnunuzi peke yao haitoshi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende katika ofisi ya Serikali inayotunza hati za ardhi, aulize ni jina la nani lililoandikwa. Kijijini, awaulize chifu na wazee.

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anatothi kwa shekeli 17, aliita mashahidi, akatia sahihi hati, akaamuru iwekwe katika chombo cha udongo idumu siku nyingi.

NYUMBA YA MJANE

Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Mtu amefariki, kilio hakijaisha, na ndugu yake ataka kuiuza nyumba. Bei ni ndogo, naye asema: "Lipa leo usiku, usimwambie mtu." Ndani ya nyumba wangali mjane na yatima. Sheria ya mwaka 1987 yawaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, nayo yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba alimoishi na mumewe. Basi ndugu yule auza kisicho chake.

Mnunuzi hawezi kusema, "Mimi nimelipa tu." Anayenunua akijua ashiriki dhambi ya mwizi. Na aliyenunua bila kujua, akija kujua, asinyamaze. Aende kwa wazee au kwa hakimu, mwenye haki apate kilicho chake. Fedha zake azidai kwa muuzaji.

Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Ubatizo huondoa dhambi zote; lakini anayekwenda kwenye maji ya Ubatizo huku ameshika nyumba ya mjane, huyo hajatubu bado.

MASWALI

Je, ni dhambi kutamani nyumba nzuri? Si dhambi, ikiwa mtu aitafuta kwa kazi na kwa haki.

Kwa nini Abrahamu alilipa mbele ya watu? Ili haki yake ijulikane, pasiwe na ugomvi.

Mnunuzi aulize nini kwanza? Mwenye nyumba ni nani kweli, na ni nani wanaokaa ndani.

Aliyeshika mali ya mwingine afanye nini? Atubu, na airudishe.

KUSUDI: Juma hili kila mkatekumeni afikiri kama nyumbani mwake mna kitu au mpaka wa shamba usio wake, akikiona, aende kwa mwenyewe.

SALA: Ee Yesu, uliyekaa katika nyumba ya Nazareti pamoja na Maria na Yosefu, utujalie nyumba zisizo na machozi ya mtu. Amina.