Polisi Akivunja Sheria, Mkazi Aanzie Wapi?

Swali hili huulizwa mara nyingi katika mabaraza ya Kibera na Kawangware: je, afisa wa polisi anaweza kuwajibishwa kweli, au malalamishi huishia kwenye droo? Jibu ni kwamba anaweza. Maafisa wa polisi wamewahi kushtakiwa, wakapatikana na hatia na kufungwa katika nchi hii. Hata hivyo, kesi hizo hazikufaulu kwa sababu ya kelele pekee. Zilifaulu kwa sababu kulikuwa na ushahidi, na ushahidi mwingi ulipatikana mapema kabla haujapotea. Somo la toleo hili ni hilo: sheria inasema nini, mlango gani unafaa kubishwa, na mkazi afanye nini katika saa za kwanza.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine anayeweza kumsaidia, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi hufikishwa siku inayofuata ya mahakama.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaongeza mambo ambayo wakazi wengi hawayajui. Afisa aliyevaa sare anatakiwa kuwa na jina au nambari yake ya kazi mahali inapoonekana. Nguvu hutumika pale tu njia nyingine zimeshindikana, na lazima zilingane na hatari iliyopo. Mtu akijeruhiwa, maafisa waliopo wanatakiwa kumpatia matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa zake. Afisa hawezi kujitetea kwa kusema, "Nilitumwa na mkubwa wangu," kwa kuwa amri ya mkubwa si kinga kwa matumizi ya nguvu yasiyo halali. Anayemtesa mtu anaweza kufungwa hadi miaka 25.

Kuna jambo la kila siku pia. Dhamana ya polisi haina malipo. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu kituoni ili uachiliwe ukisubiri mahakama, ni lazima upewe risiti. Pesa zinazotolewa bila risiti, iwe ni kichochoroni, ndani ya gari la polisi au nyuma ya kaunta, ni hongo, na jina la "kitu kidogo" haliibadilishi.

Kwa nini polisi hawajichunguzi peke yao

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ambapo Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini. Kati ya hao, 405 walikufa kwa risasi. Wakati huo malalamishi dhidi ya polisi yalipelekwa kwa polisi wenyewe. Tume ilipendekeza chombo kilicho nje ya polisi, na Bunge likapitisha sheria ya 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Kwa sheria hiyo, kifo chochote au jeraha kubwa linalotokana na kitendo cha polisi, au linalotokea mtu akiwa mikononi mwao, lazima IPOA ijulishwe.

Mlango gani ubishe

Wengi hufika kwenye ofisi za kaunti wakiomba Gavana amfute kazi afisa fulani. Ni vyema kusema wazi: polisi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiwaajiri, haiwaamrishi wala haiwezi kuwaadhibu. Sheria ya polisi inatoa nafasi ya Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni Gavana au mwanachama wa baraza la kaunti aliyemteua. Kazi yake ni kushauri kuhusu usalama na kuwashirikisha wananchi. Haichunguzi kosa la afisa mmoja mmoja. Milango ya kazi hiyo ni hii:

1. IPOA. Hupokea malalamishi kutoka kwa aliyetendewa, jamaa yake au shahidi. Huduma ni bure, huhitaji wakili, na huhitaji ruhusa ya kituo chochote cha polisi. Piga 1559 bila malipo.

2. Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, IAU. Hiki ni cha polisi wenyewe na hushughulikia nidhamu: lugha chafu, ulevi kazini, kukataa kuandikisha ripoti, kudai hongo. Kwa kosa zito kama kifo, jeraha kubwa au ubakaji, usiishie hapo, nenda IPOA.

3. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kwa hongo.

4. Mahakama. Mtu anaweza kudai fidia, au kufungua kesi ya kikatiba Mahakama Kuu kwamba haki zake zimevunjwa. Kumbuka kuwa madai ya kawaida ya fidia dhidi ya Serikali yana kikomo cha miezi 12. Wengi wamepoteza haki yao kwa kuchelewa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuuliza kwa mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria.

IPOA haimshtaki mtu yenyewe. Ikimaliza uchunguzi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, naye ndiye huamua kama ushahidi unatosha. Kwa hiyo nguvu ya faili inategemea sana kilichokusanywa mwanzoni.

Ushahidi wa saa za kwanza

Matukio matatu ya Nairobi na viunga vyake yanaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuishikilia kesi nzima.

La kwanza ni kipande cha karatasi. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alipigwa risasi na afisa wa polisi. Akalalamika IPOA. Juni 23, 2016, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka Mahakama ya Mavoko, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Wakiwa humo, ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi ya chooni ulirushwa nje ukiwa na nambari ya simu, na msamaria mwema aliyeuokota akapiga simu. Hawakuokolewa, miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Lakini karatasi ile ilionyesha walikuwa wapi, na ikaingia mahakamani.

La pili ni taarifa ya daktari. Juni 2025, Albert Ojwang alifariki baada ya kuzuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, yasiyolingana na maelezo hayo. Maafisa wakafikishwa mahakamani.

La tatu ni video. Mwezi huo huo, mchuuzi wa barakoa Boniface Kariuki alipigwa risasi karibu sana katikati ya jiji wakati wa maandamano, na baadaye akafariki. Picha za tukio zilikuwa zimenaswa. Afisa akashtakiwa kwa mauaji.

Kutokana na matukio hayo, mkazi afanye hivi:

Andika siku hiyo hiyo. Saa, mahali hasa (taja kichochoro, duka, kanisa au msikiti ulio karibu), jina au nambari ya afisa, nambari ya gari, na maneno yaliyosemwa. Usingoje, kwa maana kumbukumbu huchanganyika na hadithi za majirani.

Tafuta matibabu kwanza. Katika Hospitali ya Mbagathi au kituo cha afya kilicho karibu, mweleze mhudumu ukweli kuhusu chanzo cha jeraha ili auandike. Tunza kadi na kila karatasi. Baada ya ubakaji, usioge wala kufua nguo kabla ya kuonana na daktari, na ufike ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya HIV huhitaji kuanza ndani ya muda huo.

Andikisha ripoti na uchukue nambari ya OB. Kama anayelalamikiwa yuko katika kituo kile kile, nenda kituo kingine au nenda moja kwa moja IPOA. Fomu ya P3 hutolewa bila malipo.

Usiguse eneo la tukio. Ganda la risasi likiokotwa na watoto na kupitishwa mkono kwa mkono hupoteza thamani yake. Lifunike, lipige picha pale pale lilipo, na uwaambie wachunguzi.

Hifadhi video halisi. Ile inayozunguka kwenye WhatsApp hupungua ubora na kupoteza tarehe. Usiifute kwenye simu iliyorekodi. Na usirekodi kwa kuhatarisha maisha yako, dirishani kunatosha.

Kukitokea kifo, familia iombe upasuaji ufanywe kabla ya mazishi, na inaweza kuomba daktari wake awepo. Tunajua mila na dini zetu nyingine hutaka maziko ya haraka. Zungumzeni na kiongozi wa dini mapema. Saa chache za subira zinaweza kuwa tofauti kati ya haki na uvumi.

Kesi zilizofika mwisho

Agosti 2014, Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Kwale. Polisi walisema aliwashambulia kwa panga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka 7 kila mmoja. Katika kesi ya Willie Kimani na wenzake, maafisa watatu na raia mmoja walipatikana na hatia Julai 2022, na hukumu ikatolewa Februari 2023: mmoja alihukumiwa kifo, wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30. Alexander Monson, kijana Mwingereza, alifariki mikononi mwa polisi Diani mwaka 2012. Maafisa wanne walipatikana na hatia mwaka 2021.

Hesabu miaka hiyo: kesi moja karibu mwaka mmoja na nusu, nyingine sita, nyingine tisa. Ni muda mrefu kwa mzazi anayesubiri, na hatutawadanganya wakazi kwamba ni rahisi. Ndiyo maana karatasi zilizotunzwa vizuri ni muhimu: baada ya miaka sita shahidi husahau, lakini maandishi hayasahau.

Kibera yenyewe inaujua uchungu huu. Desemba 2018, Carilton Maina, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipigwa risasi na kuuawa na polisi mtaani. Alitajwa kuwa mhalifu. Familia na majirani wakakataa. Waliomfahamu walijitokeza kusema, na IPOA ikachunguza.

Yanayorudisha haki nyuma

Kwanza ni hofu. Mwenda aliuawa kwa sababu alilalamika, kwa hiyo hofu ya shahidi si upuuzi. Ukitishwa, waambie IPOA siku hiyo hiyo. Kenya ina Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, linaloweza hata kumhamisha shahidi. Usitangaze barazani wala mtandaoni kwamba wewe ndiye shahidi.

Pili ni maelewano ya pembeni. Familia hupewa pesa za mazishi ili inyamaze. Pesa huisha, na kosa la jinai halifutwi kwa makubaliano ya mezani.

Tatu ni sisi wenyewe kushangilia. Afisa Titus Musila, aliyejulikana kama Katitu, aliposhtakiwa kwa mauaji ya mwaka 2013 huko Githurai, kuna wakazi waliofunga barabara wakitaka aachiliwe, wakisema anawamaliza wezi. Mahakama ilimpata na hatia. Uchovu wa wizi unaeleweka, na kila mtaa una haki ya kulindwa. Lakini anayepigwa risasi bila kufikishwa kortini hapati nafasi ya kusema kwamba si yeye. Leo ni mtoto wa jirani. Kesho ni wako, akitoka kutazama mpira.

Askari wa kaunti nao

Maafisa wa ukaguzi wa kaunti, ambao wengi wanawaita kanjo, si polisi, na IPOA haiwashughulikii. Kaunti ndiyo mwajiri wao. Mchuuzi aliyepigwa au kunyang'anywa mali bila risiti alalamike kwa maandishi katika ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Asiporidhika, apeleke lalamishi kwa Ofisi ya Ombudsman. Kipigo ni kosa la jinai: aripoti pia kituo cha polisi na kuchukua nambari ya OB. Kipimo tunachowapimia polisi ndicho tunachostahili kupimiwa.

Kwa ufupi

Tibiwa. Andika. Chukua OB na P3. Hifadhi picha na video. Piga 1559. Tafuta ushauri wa sheria kabla ya miezi 12. Wengi wa maafisa hufanya kazi yao ipasavyo, na hao ndio wanaochafuliwa jina mkosaji anapofichwa. Kata ukurasa huu, ubandike mlangoni au kwenye duka la mtaa, na umsomee asiyeweza kusoma.